Bliti au spraiti: ipi isogeze kikapu?

Mdogo wangu hapa Dodoma anatengeneza gemu ya kuchuma zabibu, juzi kaniuliza tofauti ya bliti na spraiti, njia mbili za kusogeza picha kwenye kioo.

Bliti ni kunakili kipande cha picha kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Jina limetokana na BitBLT, amri ya kompyuta iliyobuniwa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1975. Kikapu kikisogea, unarudishia mandhari pale kilipokuwa, kisha unakipachika mahali papya. Ukisahau hatua ya kwanza, kinaacha mkia wa vikapu kioo kizima. Gemu ya dogo ilifanya hivyohivyo, tukacheka mpaka chai ikapoa. Utamu wake ni uhuru: ukubwa wowote, idadi yoyote, mradi mashine ihimili.

Spraiti ni picha ndogo zinazosogea kwenye gemu; za zamani hazigusi mandhari. Chipu ya picha huziweka juu wakati kioo kinachorwa. Wewe unabadilisha namba za mahali tu. Rahisi, ila Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani, ilikuwa nazo 8, kila moja nukta 24 kwa 21. Shamba la zabibu utalijaza na nini?

Nikamwambia aende na bliti. Spraiti za gemu za siku hizi nazo huchorwa kama picha za kawaida, jina tu ndilo limebaki.