Mvinyo Mweupe wa Miaka Mingi kwa Bei ya Punguzo: Upi Ununuliwe Kwanza

Wauzaji wengi wa vinywaji huamini kwamba mvinyo mweupe uliopitisha miaka mitatu umekwisha, na kwa sababu hiyo huushusha bei ili rafu ipate nafasi ya mzigo mpya. Kwa chupa nyingi wana haki. Hata hivyo, ziko aina chache ambazo umri huziongezea ladha, na anayezitambua hulipa bei ya mvinyo wa kawaida kwa kinywaji ambacho kingemlazimu kukihifadhi mwenyewe kwa miaka saba au minane. Kinachouhifadhi mvinyo mweupe ni hasa ukali wa tindikali ya zabibu zenyewe, ukisaidiwa pengine na sukari iliyosalia baada ya kuchachuka.

Nafasi ya kwanza ninaipa Chenin Blanc ya Afrika Kusini, zabibu ambayo huko ilijulikana kwa muda mrefu kwa jina la Steen. Chupa inayostahili kutafutwa ni ile yenye muhuri wa Old Vine Project, unaothibitisha kwamba mizabibu ina umri wa miaka 35 au zaidi na kutaja mwaka ilipopandwa. Mizabibu mikongwe huzaa kidogo, lakini zabibu zake huwa na ladha nzito, na mvinyo wake ukishakaa miaka mitano hadi kumi hunukia asali, nta na tufaha lililookwa. Mvinyo mweupe wa Dodoma nao hutokana sana na Chenin Blanc, ila huo mimi huununua ukiwa mchanga.

Ya pili ni Riesling ya Ujerumani, hasa ya bonde la Mosel yenye neno Kabinett kwenye lebo, yaani daraja la mvinyo mwepesi. Kwa uwezo wa kuzeeka pekee ingetangulia; nimeishusha kwa sababu huiona madukani kwa nadra. Ikizeeka hutoa harufu inayokumbusha petroli, na asiyeijua hudhani imeharibika, kumbe ndiyo sifa yake.

Ya tatu ni Semillon ya Hunter Valley, Australia, ambayo huvunwa mapema na mara nyingi haizidi asilimia 11 ya kileo. Ikiwa changa ni kali na haina mvuto. Baada ya miaka mingi hunukia mkate uliochomwa, ingawa haikupita kwenye pipa la mwaloni. Ya nne ni Muscadet ya Ufaransa yenye maneno “sur lie”, yaani iliyokaa juu ya mashapo ya chachu yake kabla ya kutiwa chupani. Sauvignon Blanc ya bei rahisi na Pinot Grigio zilizozeeka ziachwe hata zikiuzwa nusu bei.

Orodha hii haina maana ikiwa chupa imetunzwa vibaya, na katika miji yetu ya pwani joto la duka huharibu mvinyo kuliko miaka. Chupa iliyosimama dirishani kwenye jua isiguswe. Inue kwenye mwanga: rangi ya dhahabu inakubalika, lakini rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba hewa imeingia. Kizibo kilichosukumwa juu, au mvinyo uliopungua chini ya shingo ya chupa, ni dalili mbaya vilevile, na ndiyo maana kwa chupa za punguzo mimi hupendelea kifuniko cha kuzungusha. Chembe nyeupe kama vipande vya kioo chini ya chupa ni chumvi za tindikali ya zabibu, wala hazidhuru.

Nunua chupa moja, ifungue jioni hiyohiyo, na ikiwa nzuri urudi kesho yake kuchukua zilizobaki. Itoe kwenye jokofu dakika ishirini kabla ya kumimina, kwa kuwa baridi kali huficha harufu zilizokufanya uinunue, kisha iandamane na samaki wa kupaka. Itakayobaki ifunikwe, irudishwe kwenye jokofu na kumalizwa siku inayofuata.