Maji na Gesi kwa Gari-Nyumba Jipya: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu anayenunua gari-nyumba jipya nchini Uingereza, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani ya bodi moja, mara nyingi hukabidhiwa gari lenye tangi tupu la maji na kabati la gesi lisilo na mtungi. Wauzaji wengine huongeza vifaa vichache vya kuanzia. Hata hivyo uamuzi juu ya mtungi, mpira wa kujazia maji na dawa ya kusafishia tangi humwangukia mnunuzi mwenyewe, tena katika siku zile ambazo kila kifaa kilichopangwa dukani huonekana cha lazima. Mwongozo huu unazipanga chaguo hizo kwa nafasi, na unatanguliza mambo mawili ambayo naamini yanapaswa kuangaliwa kabla ya bei, nayo ni uzito na baridi.

Tuanze na uzito, kwa kuwa wengi huusahau. Magari-nyumba mengi husajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, ambao ndio ukomo wa leseni ya daraja B. Waliofaulu mtihani wa udereva nchini humo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida wana pia daraja C1, linalowaruhusu kuendesha hadi kilo 7,500. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa limekula kilo 100 za nafasi iliyokusudiwa kubeba watu, chakula, baiskeli na mizigo mingine. Baadhi ya watengenezaji, wanapotaja uzito wa gari lililo tayari kwa safari, huhesabu tangi likiwa na lita 10 au 20 tu, na mnunuzi asiyesoma maandishi madogo hudhani kwamba ana nafasi ambayo kwa kweli hana. Nashauri gari lipelekwe kwenye mizani likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, kabla ya kununua mtungi wa pili au kifaa chochote kizito.

Gesi

Msomaji aliyezoea kupikia mtungi wa kilo 6 au 15 wa Dar es Salaam hana sababu ya kujiuliza kilichomo ndani yake ni gesi ipi, kwa maana joto la pwani hufanya kila gesi ya mitungi itoke bila shida. Ulaya swali hilo ni la msingi. Butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na mtungi uliojaa unaweza kukaa kimya usiku wa Desemba wakati ambapo joto la ndani linahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Propani huendelea kutoka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo anayekusudia kusafiri nje ya miezi ya kiangazi anunue propani, na butani aiache kwa wasafiri wa Julai na Agosti.

Nafasi ya kwanza naipa mitungi miwili ya propani ya kubadilishana, ile myekundu inayouzwa na kampuni kama Calor. Mara ya kwanza mteja hulipia mkataba wa mtungi, kisha kila gesi inapokwisha huurudisha mtupu na kulipia gesi peke yake. Kipimo cha kilo 6 huingia katika makabati mengi, lakini ni lazima kupima kimo cha kabati na upana wa mlango wake kabla ya kwenda dukani. Sababu ya kutaka miwili inaonekana katika hesabu. Hita ya Truma Combi 4, inayopasha joto hewa na maji na ambayo imefungwa katika magari mengi ya ukubwa wa kati, hutumia hadi gramu 320 kwa saa inapowaka kwa nguvu zote, hivyo kilo 6 zingetosha saa zisizofika 19. Kwa kawaida hita haiwaki kwa nguvu zote mfululizo, na jiko hutumia kidogo sana, ila mtungi una tabia ya kuisha usiku wa manane. Kasoro ya chaguo hili ni mbili: chuma chenyewe ni kizito kuliko gesi iliyomo, na mtungi wa Uingereza haubadilishwi Ufaransa wala Hispania, kwa sababu kila nchi ina mitungi na viungio vyake.

Nafasi ya pili ni mitungi ya kujazwa na mwenyewe kwenye vituo vya mafuta vinavyouza gesi ya magari (LPG, yaani jamii ileile ya propani na butani, si gesi asilia), kama ile ya Gaslow, ambayo hujazwa kupitia mdomo uliofungwa ubavuni mwa gari, au ya Safefill, ambayo si ya chuma na ni miepesi zaidi. Mitungi hii ina vali inayokata gesi ikifika asilimia 80 ya ujazo, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka jua linapokipiga. Hapa naomba nieleweke vizuri: mtungi wa kawaida wa kubadilishana hauna vali hiyo, na kuujaza kituoni kwa adapta ya kuunganisha ni hatari kwa maisha ya aliye ndani ya gari na ya walio jirani naye. Gharama ya kwanza ya mitungi ya kujaza ni kubwa, lakini gesi yake kwa kilo ni rahisi kwa kiasi kikubwa, na anayekaa miezi bara Ulaya ataiona kuwa ya kwanza badala ya ya pili. Ataongeza adapta za mdomo wa kujazia, kwa sababu zinazotumika Ujerumani sizo za Italia, na za Hispania ni nyingine tena. Nimeiweka ya pili kwa sababu vituo vinavyouza gesi ya magari nchini Uingereza vimekuwa vikipungua, na mnunuzi mpya bado hajui atatumia gesi kiasi gani. Msimu mmoja wa mitungi ya kubadilishana utamjulisha.

Tangi la gesi linalofungwa chini ya gari ni la tatu. Linafaa kwa wanaoishi ndani ya gari mwaka mzima, ila likiisha mahali pasipo na kituo hakuna njia ya kununua mtungi na kuuingiza kabatini, isipokuwa kama gari lina mfumo wa pili. Nafasi ya mwisho ni mtungi mdogo wa buluu wa Campingaz 907. Unapatikana kwa urahisi katika nchi nyingi za Ulaya, lakini una butani isiyofika kilo 3, na kwa kawaida bei yake kwa kilo inazidi zote. Uwe akiba ya kiangazi tu.

Pamoja na mtungi kuna vitu ambavyo havipaswi kuchaguliwa kwa kufuata bei. Gari jipya huja na regulata (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) ya milibari 30 iliyofungwa ukutani, inayokubali propani na butani, kwa hiyo kinachonunuliwa ni mpira wa presha ya juu unaotoka kwenye mtungi hadi kwenye regulata, wenye kiungio kinacholingana na mtungi uliochaguliwa. Nati ya mtungi wa propani wa Uingereza hukazwa kwa spana na huzunguka kinyume na nati za kawaida. Asiyejua hilo huilegeza akidhani anaikaza. Baadhi ya mipira ina kitufe cha kijani ambacho lazima kibonyezwe baada ya kubadilisha mtungi, la sivyo gesi haipiti. Mpira una tarehe iliyochapwa juu yake, na desturi ni kuubadilisha ndani ya miaka 5, na regulata ndani ya 10. Inunuliwe pia dawa ya kupulizia inayotoa povu palipo na uvujaji, pamoja na kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, iwapo gari halina. Matundu yaliyo kwenye sakafu ya kabati la gesi yasizibwe kwa zulia wala kwa viatu: propani na butani ni nzito kuliko hewa, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea. Kazi yoyote ya kubadilisha mabomba ya ndani apewe fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi wa Uingereza, kwa gesi ya mitungi katika magari ya kuishi.

Maji

Hapa uamuzi ni mwepesi. Cha kwanza ni mpira wa maji ya kunywa, mita 10 hivi, uliotengenezwa kwa plastiki isiyoachia ladha wala kemikali. Mpira wa bustani hauna nafasi yoyote katika orodha hii. Klorini iliyomo katika maji ya bomba huchanganyika na plastiki yake na kuyapa maji ladha mbaya ambayo haiondoki tangini kwa urahisi. Vipande viwili vifupi vinavyounganishwa vinafaa kuliko kimoja kirefu. Viongezwe viungio vya koki za nusu inchi na robo tatu ya inchi. Cha pili ni dumu la lita 10 lenye mdomo mrefu, ambalo nalipenda kwa sababu hufika pale ambapo gari haliwezi kusogezwa, na humwezesha mtu kuongeza maji kidogo kidogo bila kubeba tangi zima barabarani. Vichujio vya kaboni ni vya tatu. Huboresha ladha, lakini havigeuzi maji machafu kuwa salama, na visipobadilishwa huwa makazi ya bakteria.

Tangi jipya si safi. Mara nyingi lina vumbi la plastiki lililobaki kiwandani baada ya kutobolewa, na vumbi hilo huziba chujio la pampu. Lisuuzwe kwanza na maji yamwagwe, ndipo lijazwe maji yenye dawa ya klorini ya kusafishia vyombo vya watoto au dawa maalumu ya matangi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kila koki ifunguliwe, ya moto na ya baridi, hadi harufu ya dawa isikike. Baada ya muda ulioelekezwa maji yamwagwe na tangi lisuuzwe tena mara mbili. Kambini, koki iliyo karibu na mahali pa kumwagia choo isitumike kamwe kwa maji ya kunywa, na mpira usiwekwe chini karibu nayo.

Jambo moja huwatia wasiwasi wamiliki wapya wakati wa baridi. Hita nyingi za Truma zina vali inayofunguka yenyewe joto likishuka hadi nyuzi 3 hivi, ikamwaga maji ya hita chini ya gari ili yasigande ndani na kuipasua. Gari halijaharibika. Vali hiyo haikubali kufungwa hadi mahali ilipo papate joto linalozidi nyuzi 7, kwa hiyo hita iwashwe kwanza na tangi lijazwe baadaye. Mnunuzi amwombe muuzaji amwonyeshe ilipo vali hiyo siku ya kukabidhiwa gari, kwa sababu mara nyingi imefichwa chini ya kiti au nyuma ya kabati la nguo.