RCSB PDB: bure kabisa, na enzaimu za ubongo unaziona kwa macho yako

Kama unasoma baiolojia au famasi na umechoka kukariri enzaimu kama majina tu, ingia RCSB PDB. Ni hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, ilianza 1971 na maumbo 7 tu, saivi yapo zaidi ya laki mbili, hulipii hata senti, huinstoli kitu, umbo linafunguka humohumo kwenye brauza unalizungusha kwa kidole.

Mimi nilifuata enzaimu zinazokata protini kwenye neva, hasa zinazohusika na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Anza na umbo namba 1FKN. Hiyo ni enzaimu BACE1, umbo la mwaka 2000, ina ufa katikati, ndani ya ufa kuna asidi aspatiki (aina ya asidi amino) mbili ambazo ndo zinakata, na kwa juu kuna kifuniko. Hii ndo inaanza kuikata APP, protini iliyopita kwenye utando wa seli za neva, upande wa nje ya utando wa seli.

Halafu nenda 6IYC ya 2019, aisee hapo ndo utakaa. Ni enzaimu gama-sekretesi, protini nne zimeshikana, presenilini, nikastrini, APH-1 na PEN-2, helisi (sehemu zilizojisokota kama springi) 20 zinapita kwenye utando, na inakata ndani ya utando wenyewe, yaani kwenye mafuta, wakati kazi hiyo inahitaji maji! Vuta karibu uone kipande cha APP kimezama ndani ya presenilini, na kikikaribia pale pa kukatiwa helisi yake inafumuka inakuwa uzi ulionyooka. Hapo ndipo inapotokea beta-amiloidi, kile kipande kinachorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer.

Sasa fungua 6IDF pembeni. Enzaimu ni ileile ila aliyeingia ni Notch, protini ambayo seli zinaitumia kuelekezana zikue vipi, na imekaa palepale alipokaa APP. Semagacestat, dawa ya kuzuia hii enzaimu, ilisimamishwa 2010 sababu wagonjwa hali ya akili ilizidi kushuka na saratani ya ngozi ikaongezeka, darasani unaandika tu unapita, lakini ukiyaweka haya maumbo mawili pamoja unaona kabisa ugumu ulipo, ukiziba njia ya APP umeziba na ya Notch. Kwa hili tu naipa nyota 5.

Ila jua kwamba kwenye 6IYC walibadilisha asidi aspatiki ya nafasi ya 385 kwenye presenilini makusudi ili enzaimu isikate, ndo maana kipande kimetulia pale. Mwendo wenyewe huuoni. Maelezo yote ni Kiingereza, na haya maumbo makubwa kwa simu ndogo ni mazito, tafuta kompyuta.

Walimu, data zake ziko chini ya CC0, yaani leseni ya kutumia bure bila kuomba ruhusa, tengenezeni picha mweke kwenye slaidi, tajeni tu namba ya umbo na waliolitoa.