Betri ya boti ya umeme: ipi ununue Nairobi kabla ya kushuka Naivasha

Mtu akiniuliza jinsi ya kutunza boti ya umeme, nami humuuliza amenunua betri gani. Mota haina makuu: isuuze, toa magugu na uzi wa mshipi uliojisokota kwenye propela, basi. Pesa huliwa na betri, na ukizunguka maduka ya sola ya mjini utaonyeshwa aina nne. Mimi huzipanga hivi, kwa boti ndogo yenye mota ya volti 12.

Namba moja ni lithiamu ya LiFePO4, yaani ya chuma na fosfeti. Ni ghali, sikatai. Lakini ya ampea-saa 100 (kipimo cha chaji inayobeba) ina kilo 11 hadi 13 hivi, ilhali ya risasi (lead-acid, yaani hizo aina tatu nyingine) hukaribia 30, na ni wewe utakayeibeba kutoka garini hadi majini. Chaji yake unaitumia karibu yote. Ya risasi ukipita nusu unaifupishia maisha. Mota inayovuta ampea 50 itakwenda karibu saa mbili kwa lithiamu. Kwa risasi haifiki saa moja, maana ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu. Ziwa Naivasha lina viboko. Si mahali pa kuzimikiwa.

Muulize muuzaji kama ndani mna BMS, kile kidhibiti kinachokata umeme chaji ikizidi au ikiisha. Akibabaika, ondoka. Nunua na chaja yake, kwa sababu chaja za risasi zenye hatua ya kupandisha volti ili kuamsha betri huiharibu.

Namba mbili, betri kavu ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Haidai maji wala haimwagiki boti ikiyumba. Ipime kwa mita kabla ya kulipa: iliyojaa na kutulia husoma volti 12.7 au zaidi. Ikisoma 12.3 imesahaulika rafuni, na mimi siichukui hata kwa bei ya kutupa.

Betri ya maji, ile ya sola na si ya gari, naiweka ya tatu. Bei yake inavutia, ila lazima uifungue mara kwa mara uongeze maji yaliyotoneshwa (distilled water), si ya mfereji wala asidi. Ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo anayeishi kwenye fleti asiiweke chumbani.

Betri ya gari ni ya mwisho, hata fundi akiapa kwamba ni ileile. Imeundwa kusukuma umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake. Imalize mara kadhaa uone.

Wengi wetu hushuka ziwani likizo tu, kwa hiyo kuhifadhi ndiko kunakoua betri. Ya risasi hukaa imejaa, ikiongezwa chaji kila mwezi. Lithiamu hupenda kukaa nusu. Zote mbili, chomoa nyaya. AGM yangu ya kwanza niliiacha stoo na kipima-kina kikiwa bado kimeunganishwa, tangu Pasaka hadi Agosti. Nilipoipima ilisoma volti 9, na haikuamka tena.