Uchambuzi wa seti ya cheni ya taimingi ya injini ya 22R: kwa nini reli yenye uti wa chuma

Assalaam alaykum, ndugu watazamaji. Hapa mezani, katika gereji yangu ya Chake Chake, Pemba, nimeweka seti ya cheni ya taimingi ya injini ya Toyota 22R, ile ya petroli yenye silinda nne na ukubwa wa lita 2.4, ambayo bado iko ndani ya pikapu nyingi kongwe. Cheni hii huunganisha kranki, shafti ya chini ya injini, na kemshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Seti kama hii niliifunga kwa mikono yangu kabla ya msimu wa karafuu uliopita, gari ikabeba magunia msimu wote, na sasa ninaweza kuieleza kwa uhakika.

Ninaanza na reli, yaani vibao vinavyoiongoza cheni isiyumbe, kwa sababu fedha yenu inakwenda hapo. Injini za mwanzo za aina hii zilitumia cheni ya safu mbili. Mwaka 1983 hivi ikaja cheni ya safu moja inayopita kati ya reli za plastiki, na plastiki hiyo, ikishachemka ndani ya oili kwa miaka mingi, hukauka, hupasuka na kuangukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Cheni iliyokosa reli huyumba na kulipiga kava la taimingi, kifuniko cha mbele ya cheni, ambalo ni la aluminiamu, na kwa kuwa nyuma ya ukuta wa kava hilo kuna njia ya maji, siku ukuta unapotoboka maji huingia kwenye oili, ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi asiyelijua jambo hili huilaumu gasketi ya hedi, akaibadilisha, na baada ya wiki chai ile ile ikarudi.

Mwenye gari niliyoifunga ni mzee mmoja wa Konde. Alilalamikia kelele za alfajiri, anapowasha gari tu, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, kisha kimya. Kelele za namna hiyo zina maana yake: tenshena, kifaa kinachoikaza cheni, husukumwa na presha ya oili, kwa hiyo mpaka presha ipande, cheni iliyolegea haina wa kuizuia. Nilipofungua nilikuta reli za plastiki tupu alizofungiwa miaka michache nyuma, moja imekatika vipande vitatu. Naisogeza kamera muone kava lenyewe: mfereji huu umechimbwa na cheni, na ukipitisha kidole, ukucha wote unazama. Ulibaki ukuta mwembamba sana kabla ya maji, na kwa hiyo kava tulilibadilisha pia.

Katika seti hii, reli ya upande unaovutwa ina uti wa chuma uliofunikwa kwa mpira mgumu. Ni upande huo unaobeba nguvu, maana kranki huivuta cheni kushuka chini kwa upande huo, na tenshena hukaa upande wa pili. Tafadhali kuweni waangalifu hapa: video nyingi za Marekani husema reli inayovunjika ni ya upande wa dereva, na kwao ni kweli, lakini usukani wetu uko kulia, kwa hiyo kwetu ni upande wa kushoto, wa abiria.

Sasa kasoro. Cheni ya 22R ina viungo vya alama: kimoja hukaa kwenye alama ya gia ndogo ya kranki, na viwili huibana kati yao alama ya gia kubwa ya kemshafti. Katika seti hii viungo hivyo vilipakwa rangi hafifu, na nilipoiosha cheni kwa petroli, rangi yote ikatoka. Nililazimika kuilaza sambamba na cheni ya zamani na kuhesabu kiungo kwa kiungo. Wekeni alama zenu kabla ya kuosha. Pia msishtuke mkishaizungusha injini kwa mkono na kuona viungo vimeziacha alama za gia. Havirudi pale pale mpaka baada ya mizunguko mingi. Cha kutazama ni gia zenyewe: kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, na alama zake zinarejea mahali pake. Gasketi ya wotapampu nayo ni nyembamba kupita kiasi, nikanunua nyingine dukani.

Neno moja juu ya kulitoa kava. Kuna boliti inayotoka kwenye hedi na kuingia juu ya kava, nayo imejificha mbele, chini ya gia ya kemshafti, ndani ya dimbwi la oili. Ifyonzeni oili hiyo kwa kitambaa muione. Asiyeijua hulikongoa kava kwa bisibisi mpaka aluminiamu inapasuka, na kava jingine ni la kuagizwa Unguja au Dar es Salaam na kusubiriwa boti.

Kwa hukumu yangu, seti hii inafaa kununuliwa, ingawa bei yake ilikaribia mara mbili ya ile ya plastiki tupu. Wanaotaka kubadilisha cheni peke yake na kuziacha reli za zamani, mimi siwafungii. Juzi mzee wa Konde alinipitia alfajiri kabla injini haijapata moto. Nikafungua boneti, akawasha, na tukasikia kabureta ikivuta hewa, basi.