Slack kwenye ofisi ya watu kumi na mmoja: uzoefu wangu

Karani wetu wa bandarini aliacha kazi Machi 2021, akaondoka na simu yake. Simu yake, laini yake, hatukuwa na la kusema. Balaa lilianza wiki ya pili, mteja alipopiga kuulizia kontena lake la vigae akidai hajawahi kuambiwa siku za bure za kukaa na kontena zinaisha lini. Aliambiwa, nilimsikia karani akimtumia voisi pale pale mezani. Lakini aliambiwa inbox, si kwenye grupu, na inbox ile sasa ilikuwa mfukoni mwa mtu anayefanya kazi kwingine. Tozo ya kuchelewesha kontena tukailipa sisi.

Sisi ni mawakala wa forodha, Dar es Salaam, watu kumi na mmoja ukiondoa madereva. Baada ya hapo nikamshawishi bosi tuhamie Slack, programu ya kuandikiana kazini, tukaanza Juni mwaka uleule. Naandika haya nikiwa bado naitumia, kwa hiyo hizi si sifa za wiki ya kwanza.

Kila kontena la meli lina herufi nne na tarakimu saba. Mzigo ukiingia tunaufungulia uzi wake, yaani mfululizo wa jumbe chini ya ujumbe mmoja, kwenye chaneli (kama grupu) ya mwezi husika, na ujumbe wa kwanza lazima uwe namba ya kontena. Basi. Nyaraka za meli, makadirio ya kodi, nani kaenda bandarini, mteja kajibu nini na saa ngapi, vyote vinaning'inia chini ya namba ile. Mtu akiumwa, anayeshika kazi yake hahangaiki kumpigia mgonjwa amuulize walifikia wapi. Anasoma uzi. Mhasibu wetu, mama ambaye mambo mapya huwa hayataki, alilainika siku alipoandika zile tarakimu saba kwenye sehemu ya kutafuta na risiti ya bandari ikatokea bila kumwomba mtu. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkali kuliko wote: ukianzisha uzi bila namba, anakuita kwa jina lako lote.

Hizo habari za "mawasiliano ya haraka" ambazo programu hizi hujinadi nazo, kwangu hazina uzito. WhatsApp ni ya haraka na kila mtu anayo tayari, tena bando lake watu wanajua kujiunga hata usiku wa manane. Ninachonunua kwa Slack ni kumbukumbu ambayo ni mali ya ofisi, haiondoki na mtu. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya daftari la mazungumzo na maarifa yote, linaloweza kutafutwa. Waanzilishi wake, Stewart Butterfield na wenzake, walikuwa wanatengeneza gemu iitwayo Glitch, gemu ikafa mwishoni mwa 2012, na kilichobaki mkononi ni kile chombo walichokuwa wakiandikiana wao kwa wao kazini. Wakakifungulia watu wote Februari 2014.

Tulianza na ya bure. Enzi hizo ya bure ilikuonyesha jumbe 10,000 za mwisho, nasi tulizimaliza kabla ya Krismasi kwa sababu kila mtu alikuwa akiandika "sawa" na "asante" kama ujumbe unaojitegemea. (Sasa ni marufuku. Weka kidole gumba yaishe.) Septemba 2022 kipimo kikabadilika kuwa siku 90, na tangu Agosti 2024 kwenye ya bure yanayozidi mwaka mmoja yanafutwa kabisa. Kwa ofisi ya matangazo pengine siku 90 zinatosha. Kwetu sisi, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu ofisa kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano tangu uingie. Tukalipa. Ni zaidi ya dola 7 kwa kichwa kwa mwezi, kwa hiyo kama dola 80 kwa sisi wote, na kila Januari bosi ananiuliza kama nina hakika.

Mwaka mmoja aliuliza swali zuri zaidi: "Hiyo kampuni yenyewe itakuwepo miaka mitano?" Nikaenda kusoma makaburi. HipChat, programu ya aina hiyohiyo ambayo kampuni ya Atlassian waliinunua 2012, ilizimwa Februari 2019 baada ya haki zake kuuzwa kwa Slack. Workplace, ya kazini ya Facebook, ilianza 2016, na 2024 Meta wakatangaza kuifunga. Skype, Microsoft waliitolea dola bilioni 8.5 mwaka 2011, na Mei 2025 wakaizima. Slack yenyewe kampuni ya Salesforce waliinunua kwa dola bilioni 27.7, wakakamilisha Julai 2021, mwezi mmoja baada ya sisi kuingia. Zamani ningesema pesa ya namna hiyo haiachwi ipotee. Baada ya Skype siapi tena.

Ndiyo maana kila robo mwaka natoa nakala ya chaneli zetu. Anayetaka kufanya hivyo ajue kitu kimoja: nakala ile inakuja na maneno ya mazungumzo, lakini mafaili yanakuja kama viungo tu. Viungo vikifa, hati ya shehena imekufa navyo. Kwa hiyo kila hati tunaihifadhi pia kwenye diski ya ofisini, chini ya namba ileile ya kontena. Ni kazi mara mbili, na vijana wananung'unika.

Kuhusu Teams, programu ya Microsoft ya kazi hiyohiyo: bosi alishasema, "Si tunailipia Office? Na Teams imo humo humo." Ni hoja nzito, sikatai, na kwa ofisi inayoanza leo huku ikilipia Office ningeiangalia hiyo kwanza. Sisi tumebaki kwa sababu ya nyuzi za nyuma, hakuna jingine.

Madereva walitushinda. Tulijaribu siku tatu. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma na simu yake ndogo aliniambia, "Mwanangu, hiyo ya nini tena? We nipigie tu." Nikampigia. Mpaka leo madereva wanatuma voisi WhatsApp, na binti mmoja ofisini anazisikiliza na kuandika kwenye uzi: gari limefika mpaka, saa nane mchana, mihuri iko salama. Mstari mmoja. Ndiyo sehemu dhaifu ya mfumo wetu wote, maana siku akiwa likizo uzi unanyamaza na mteja anadhani gari limepotea.

Mwezi ujao tunaongeza mtu wa kumi na mbili. Nimemwambia bosi ni dola 7 na ushee nyingine. Kasema huyo aanze na WhatsApp kwanza, tuone kama atakaa.