Magnesiamu ya akwariamu ya bahari Lubumbashi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mama muuza dawa alishusha miwani nilipomwomba kilo mbili za chumvi ya haluli, ile dawa ya kufungua tumbo yenye magnesiamu ndani. Ilikuwa Kenya, ile komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi. "Papa, tumbo iko inafunga namna gani mpaka kilo mbili?" Nikamwambia si tumbo langu, ni ya samaki. "Samaki nayo inafunga tumbo?" Waliopanga foleni nyuma yangu wakaangua kicheko. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba hata samaki si wenyewe, ni matumbawe, na kwamba nina kipande cha bahari sebuleni ilhali bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Sisi tunaofuga matumbawe mjini hapa hatujazi hata kiti za daladala moja, lakini swali letu ni lilelile kila mwezi: chupa ndogo ya magnesiamu inayotoka Ulaya inafika kwa bei ya kuumiza, na farmasi, jikoni na duka la mbolea vimejaa vitu vilivyoandikwa "magnesiamu". Kipi kinafaa? Nimejaribu vingi, vingine kwa hasara, na huu ndio mpangilio wangu.

Kwanza pima. Maji ya bahari ya kawaida yana magnesiamu karibu miligramu 1,280 hadi 1,300 kwa lita, kalsiamu karibu 410 hadi 420, na alkalini, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, digrii 7 hadi 8 za KH (kipimo chake). Kazi ya magnesiamu ni kama ya mlinzi wa getini: hujibandika kwenye vijichembe vya chokaa vinavyoanza kuota majini na kuvizuia visikue. Ikipungua, kalsiamu na alkalini hukosa utulivu. Unaongeza leo, keshokutwa vimeshuka tena, na hita imevaa koti jeupe. Mtu akiniambia kalsiamu yake "haishiki", namuuliza magnesiamu iko ngapi kabla ya swali jingine lolote. Ikiwa juu ya 1,250, funga pochi. Matumbawe hula magnesiamu kidogo sana ukilinganisha na kalsiamu. Ule mwani wa rangi ya zambarau unaoganda kwenye mawe ndio unaokula zaidi. Tangi changa linalobadilishiwa maji mara kwa mara kwa chumvi nzuri ya akwariamu mara nyingi halihitaji nyongeza yoyote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimo, kile cha matone na bomba la sindano. Hicho nakubali kilipiwe nauli ya ndege.

Sasa magnesiamu yenyewe. Sokoni haiji peke yake hata siku moja. Inakuja imeshikana na kitu kingine, salfeti, kloraidi, haidroksaidi au sitrati, na huyo mwenzake anaingia naye kwenye tangi na kubaki humo. Ukioa, umeoa na mashemeji. Katika biashara hii nakuambia chagua shemeji kwanza, bibi-harusi ni yuleyule kila nyumba.

Namba moja kwangu ni kloraidi ya magnesiamu, ile ya fuwele zenye maji ndani yake, ikichanganywa na chumvi ya haluli kidogo. Sababu ni hesabu. Lita moja ya bahari ina kloraidi zaidi ya miligramu 19,000 lakini salfeti karibu 2,700 tu. Kuongeza kloraidi ni kumwaga ndoo ziwani. Ukipandisha magnesiamu kwa miligramu 200 kwa lita kwa njia hii, kloraidi inaongezeka kama 580, yaani asilimia 3 ya ile iliyokuwemo. Ukitaka kufuata uwiano wa bahari yenyewe, pima kwa uzito sehemu 8 za kloraidi kwa sehemu 1 ya haluli.

Hapa Lubumbashi kuipata kunataka miguu. Wauza kemikali za maabara wanayo, ila soma kibandiko: unataka daraja la chakula au la maabara, wala si gunia lisilo na jina. Kwenye chakula huitwa E511, nayo ndiyo chumvi inayogandisha tofu, kwa hiyo maduka ya vyakula vya Kichina ni pa kuuliza. Hapo kuna mtego: tofu hugandishwa pia kwa jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, E516. Pakiti zinafanana kama mapacha, zote unga mweupe na maandishi usiyoyasoma. Tafuta namba. Zipo pia zile fuwele bapa za kulowekea miguu. Zikiwa tupu, hazina manukato wala rangi, ni kloraidi ileile.

Namba mbili ni chumvi ya haluli peke yake, salfeti ya magnesiamu ya farmasi. Kwa mtu anayehitaji kurekebisha mara moja au mbili kwa mwaka, ningempa hii bila kusita, tena nimwambie asihangaike kutafuta namba moja. Ni safi, iko karibu, na mama wa farmasi atakuzoea. Ubaya wake unakuja polepole. Kila 100 ya magnesiamu inaleta salfeti karibu 395. Pandisha 200 na salfeti yako imetoka 2,700 kufika karibu 3,500, ongezeko la asilimia kama 29. Mara moja matumbawe hayatalalamika. Lakini ukifanya hivyo kila mwezi bila kubadilisha maji, baada ya mwaka unafuga kitu ambacho hakifanani na bahari yoyote. Angalia pia usiuziwe ya kuogea yenye harufu ya lavanda. Mafuta yale yanatanda juu ya maji na chombo cha kuchuja povu kinachachamaa usiku kucha.

Na tafadhali, usinunue ampuli za hospitali. Dawa ni ileile, najua, tena iko tayari kwenye maji. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 50 ina gramu 5 tu, kwa hiyo tangi la lita 200 lingekula ampuli 40 kupanda 100. Zile ni za kina mama wenye kifafa cha mimba. Ziache huko.

Chupa ya kiwandani naiweka ya tatu, si kwa ubaya. Ndani kwa kawaida ni kloraidi hiyohiyo iliyoyeyushwa, pengine na salfeti kidogo, kwa kipimo kilichohesabiwa vizuri. Unalipia utulivu wa moyo, na unalipia maji kupanda ndege. Kwa tangi la lita 40 mezani chupa moja inakaa muda mrefu na hesabu inakubali. Kwa tangi la lita 400 utauza pikipiki.

Ya nne ni mbolea, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa kwetu wanapopotelea. Duka la pembejeo lina salfeti ya magnesiamu kwa gunia, na bei inakufanya utabasamu. Kibandiko kitasema MgO asilimia 16. Hiyo si magnesiamu asilimia 16! Wauza mbolea huhesabu kana kwamba ni oksaidi. Zidisha kwa 0.6 upate magnesiamu halisi, karibu asilimia 9.7, sawa na ya farmasi. Ukikuta asilimia 25, hiyo ni kizeriti, ina maji machache ndani yake, ina nguvu zaidi, lakini inayeyuka kwa uvivu mkubwa.

Tatizo langu na mbolea ni shaba. Mbolea nyingi za kunyunyizia majani huchanganywa na zinki, manganizi na shaba kwa makusudi, maana mimea inazihitaji. Matumbawe, konokono na kamba havina habari hiyo: shaba ya miligramu 0.2 tu kwa lita, kiasi kinachotumika kutibu vimelea vya samaki, inawamaliza wote. Mji huu umejengwa juu ya shaba, shule tumesomeshwa kwa shaba, na ndani ya tangi ndiyo sumu ya kwanza. Rafiki yangu mmoja alininunulia zawadi jiwe zuri la malakiti, la kijani lenye mistari, akasema litapendeza kati ya samaki. Nilimshukuru, likakaa juu ya televisheni. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Kwa hiyo mbolea inunue tu ikiwa kibandiko kinataja magnesiamu na salfeti basi, na uipime kwa kipimo cha shaba kabla haijagusa tangi.

Kwa sababu hiyohiyo kataa ofa ya yule jamaa anayefanya kazi kiwandani na anayeweza "kukutolea" mfuko wa oksaidi ya magnesiamu. Ipo kweli, viwanda vya huku huitumia kutoa kobalti kwenye kimiminika chenye madini yaliyoyeyushwa. Haiyeyuki vizuri, inapandisha pH, na hujui imelala karibu na nini.

Baada ya hapo ni vitu visivyofaa kabisa. Vidonge vya kuchemka majini vina asidi ya sitriki, utamu wa bandia, rangi ya chungwa na vitamini B6. Sitrati ni chakula cha bakteria, maji yanakuwa ukungu na oksijeni inashuka. Hata vidonge vya kumeza vya miligramu 300, utavihitaji 67 kwa lita 200 kupanda 100. Chokaa ya dolomiti ya shambani haiyeyuki kwenye maji yenye pH ya akwariamu, itakaa chini kama mchanga. Chumvi ya mezani, hata iliyoandikwa "ya bahari", ni sodiamu.

Maziwa ya magnesia nayajua kwa macho yangu. Mwaka wangu wa pili nilimwaga chupa nzima ya mililita 200 kwenye lita 200, kwa sababu iliandikwa magnesiamu kwa herufi kubwa na ilikuwa na ladha ya mnanaa (niliionja, ndiyo). Ni haidroksaidi. Chupa ile iliongeza magnesiamu kama 33 tu, lakini alkalini ilipanda karibu digrii 8, yaani mara mbili ya ilivyokuwa. Maji yaligeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Asubuhi pampu ilikuwa inasaga changarawe: kalsiamu yangu yote ilikuwa imeganda juu yake. Niliiloweka kwenye siki siku mbili, na matumbawe laini yalifunga midomo wiki nzima.

Ukishapata unachotaka, fanya jaribio la glasi kabla ya kulipia gunia. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi safi ya maji yaliyochujwa, koroga, ishike dhidi ya dirisha. Kloraidi na haluli nzuri huyeyuka na kubaki angavu. Ukinusa husikii kitu, ukitikisa hakuna povu. Ikibaki kama maziwa, kuna oksaidi, kaboneti au talki. Rangi ya kutu au ya kijani, rudisha. Na linganisha bei kwa magnesiamu, si kwa kilo: kilo ya haluli ina karibu gramu 99 za magnesiamu, kilo ya kloraidi ina karibu gramu 120. Gawanya dola kwa namba hizo ndipo ujue nani anakuibia.

Kipimo kwa lita 200 kupanda 100: gramu 203 za haluli peke yake, au gramu 167 za kloraidi peke yake, au gramu 151 za kloraidi na 19 za haluli kwa pamoja. Yeyusha kwenye lita moja au mbili za maji yaliyochujwa, mimina polepole panapopita mkondo mkali, na usizidishe 100 kwa siku. Pima tena kesho yake. Uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu utapanda kidogo, urudishe 1.026 kwa kuongeza maji matamu.

Kuhifadhi nako kuna majira yake. Kloraidi hunywa unyevu wa hewa. Mvua za Desemba zikikuta mfuko wazi, Januari una supu, na gramu unazopima ni maji. Haluli hufanya kinyume: kiangazi cha Julai fuwele zake hukauka na kuvaa unga mweupe, zinakuwa nyepesi na kali zaidi kuliko hesabu yako. Zote mbili ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na uandike jina kwa kalamu nene. Mimi sikuandika. Shemeji yangu alikuja kutusaidia Jumapili moja, akaona ndoo ya chumvi safi karibu na jiko, akatia vijiko viwili kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Bukari, ugali wetu, iliisha siku ile, sombe ilibaki sufuria nzima, na aliyekula kwa adabu ya ugeni aliaga mapema.